Mzee Amekasirika Maktabani: Ufanye Nini?

Ndugu msomaji, tuseme wewe ndiye unayetunza maktaba ya kijiji chenu, huku kwetu mkoani Singida. Mmepata vitabu vipya. Umevipanga juu ya meza mlangoni ili kila anayeingia avione. Kimoja kinaeleza uzazi salama. Umekifungua kwenye picha ya mama anayejifungua.

Anaingia mzee mmoja, mkulima wa alizeti. Nyuma yake yupo mke wa mwanawe. Wote wawili wanaiona picha. Mkwewe anainamisha kichwa, anatoka nje. Mzee anakasirika. "Mwanangu, haya ni mambo gani? Kitabu hiki kichomwe!"

Utafanya nini?

Kwanza, msikilize. Mwamkie, mpe kiti, mwache aseme mpaka amalize. Usibishane naye. Usimwambie kuwa amepitwa na wakati. Mtu na mkwewe huheshimiana sana. Aibu aliyoipata ni ya kweli.

Pili, usikiondoe kitabu papo hapo. Kitabu hicho si chako, wala si cha mzee. Ni cha kijiji. Humo mama mjamzito anajifunza dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, kuvimba uso. Akizijua atawahi zahanati. Kitabu kikichomwa, atakayeumia ni yeye, na hakuna aliyemwuliza.

Tatu, andika malalamiko katika daftari. Andika tarehe, jina la kitabu, ukurasa na jambo lililomuudhi. Kama mzee hajui kuandika, mwandikie, kisha msomee ulichoandika. Mwambie siku atakayopata jibu. Siku hiyo ikifika, mjibu.

Nne, ipelekee kamati daftari hilo. Katika kamati wawemo wanawake, wazee, vijana, mwalimu na mhudumu wa afya. Wasome kitabu chote, si ukurasa mmoja. Wajiulize maswali matatu. Je, yaliyoandikwa ni ya kweli? Yanamsaidia nani? Je, kosa limo ndani ya kitabu, au ni mahali kilipowekwa?

Swali la tatu humaliza ugomvi mwingi. Kitabu cha uzazi kinaweza kubaki. Kifungwe, kitolewe mlangoni, kiwekwe kwenye rafu ya vitabu vya afya. Mzee atapita bila aibu. Mama naye atakipata akikihitaji.

Lakini mara nyingine mlalamikaji ana haki kabisa. Picha inayodhihaki kabila, dini au watu wenye ulemavu haifai kupamba maktaba ya watu wote. Hapo itoeni, na mwombe radhi.

Zipo pia amri za Serikali. Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni. Alisema vinakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya watoto wa Tanzania. Baadhi yake viliandikwa na Jeff Kinney wa Marekani. Amri ya namna hiyo hutolewa hadharani, na vitabu hutajwa kwa majina. Hasira ya mtu mmoja si amri.

Na wewe msomaji, siku ukiudhika na kitabu au picha, usiichane wala usiifiche. Omba daftari, useme neno lako. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kutafuta habari na kuzipokea. Mzee ametumia haki ya kwanza. Mkwewe anaihitaji ya pili. Maktaba nzuri hulinda zote mbili.

Jadilianeni: Je, katika kijiji chenu, malalamiko kama haya yangepelekwa kwa nani? Je, wanawake wangeulizwa?