Mbele ya kuuza mashua ya alumini kwa wayeyushaji wa masufuria



Kwenye fuo za ziwa Tanganyika na ziwa Kivu, mashua nyingi ni za mbao. Lakini hapa na pale, nyuma ya depo ya koperative ao chini ya mwembe, utakuta mashua ya alumini iliyobaki kutoka mradi wa zamani ao misioni. Imelala kifudifudi, kuku wanataga mayai chini yake, na katika kila mkutano mkuu kuna mtu anayeinua mkono na kusema: tuiuze kwa wale wanaoyeyusha masufuria, tugawane makuta.

Jibu letu ni fupi: musiiuze mbele ya kuipima. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu analipa kwa kilo, na alumini ni nyepesi. Kwa ukubwa uleule, uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Mashua yenye kubeba nyanya, mihogo na watu sita, kwenye mizani inakuwa kitu kidogo, na mukisha kugawana hakuna anayejenga nyumba. Lakini mashua ileile ikirudi majini, mavuno yenu hayangoji tena mtumbwi wa watu wengine huku yanaoza ufukoni, na wavuvi wa koperative wanapata chombo cha kutafutia ndagala ao sambaza.

Kazi nyingi ya kuitengeneza inaweza kufanyika nyumbani, kwa mikono yenu na vyombo vya kawaida. Kinachotakiwa kwanza ni kuijua alumini, kwa sababu wengi wanaiharibu kwa kuitunza sawa chuma.

Alumini haiozi sawa chuma

Chuma kinakufa kwa kutu nyekundu. Alumini haina kutu ya namna hiyo. Ikiguswa na hewa inajifunika ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Ukiikwaruza, ngozi inaota tena palepale. Ndiyo maana mashua iliyosahaulika miaka mingi kwenye mvua inaweza kuwa bado na mwili mzima.

Ila ngozi hiyo iko na maadui watatu.

Adui wa kwanza ni vitu vya namna ya majivu. Munakumbuka somo letu la pH ya udongo: chini ya 7 ni ukali, juu ya 7 ni upande wa chokaa na majivu. Ngozi ya alumini inavumilia kati ya 4 na karibu 9. Maji ya Tanganyika na ya Kivu yenyewe yako karibu 9, kwa hiyo mashua iko tayari kwenye mwisho wa uvumilivu wake. Ukiisugua kwa majivu, ao ukiziba tundu kwa simenti mbichi, unaivusha mpaka. Mama akisugua sufuria kwa majivu inang'aa kwa sababu tabaka la juu limeondoka. Sufuria inavumilia kiasi, lakini mashua inayolala majini haifai kutendewa hivyo.

Adui wa pili ni metali nyingine. Alumini ikigusana na shaba ao chuma ndani ya maji, inakuwa sawa pile ndogo, na inayoliwa ni alumini. Msumari wa chuma, waya wa shaba, hata kipande kidogo cha waya kilichosahaulika chini ya sakafu vinaweza kuitoboa pole pole.

Adui wa tatu ni unyevu uliofungiwa pasipo hewa: matope, mbao iliyolowa, ao sponji ya zamani chini ya viti. Pale ngozi haipati hewa ya kuota tena, na vishimo vinaanza.

Kupima: siku moja inatosha

Simamisheni mashua juu ya matairi ya zamani. Ondoeni sakafu na vitu vyote vya ndani. Isafisheni kwa maji, sabuni ya kawaida na brosi ya plastiki. Brosi ya waya wa chuma inaacha vipande vidogo ndani ya alumini, na kila kipande ni mwanzo wa kishimo.

Kiisha angalieni fasi tatu. Ya kwanza ni uti wa mgongo, ule mstari wa chini katikati, pamoja na mbavu za ndani. Ya pili ni bati lenyewe: sukuma kwa nguvu ya mkono na ncha ya turnevisi kwenye kila doa jeupe lenye unga. Ya tatu ni ubao wa nyuma unaobeba motere.

Kama uti wa mgongo umepasuka, ao mbavu nyingi zimevunjika, ao turnevisi inapenya fasi nyingi, hiyo mashua imemaliza safari yake. Iuzeni kwa kilo, hakuna haya. Ziwa letu lina dhoruba, na mashua yenye mgongo uliovunjika haibebi watoto wa wenzetu. Lakini kama ni riveti zilizolegea, vishimo vichache na ubao uliooza, endeleeni.

Ili kujua inavuja wapi, mimineni maji ndani na kutazama kutoka nje. Musijaze. Litri moja ni kilo moja: sakafu ya metre nne kwa metre moja, yenye maji ya sentimetre 15, inabeba litri 600, ndiyo kilo 600. Kwa hiyo egemezeni vizuri chini ya uti wa mgongo na mbavu, na mtu asiingie chini ya mashua. Kila fasi inayotoa jasho, pigeni alama kwa chaki. Musitumie makaa wala penseli, kwa sababu kaboni iliyo ndani yake inakula alumini sawa metali nyingine.

Kuziba

Riveti iliyolegea mara nyingi inaponeshwa kwa kuikaza. Ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika nyundo nzito ao kipande kikubwa cha chuma juu ya kichwa cha riveti upande wa nje, mwingine anapiga polepole upande wa ndani. Ikigoma, itoboeni na kuweka nyingine ya alumini. Zile riveti za kuvuta kwa koleo, za kawaida, ziko na tundu katikati na maji yanapita humo. Tafuteni zile zilizofungwa mwisho, na kila moja ipakwe gundi ya kuzuia maji mbele ya kuingia.

Kishimo kisichopita upande wa pili kinatosha kusafishwa mpaka metali ing'ae, kukaushwa na kujazwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Musingoje. Pakeni siku ileile, mbele unyevu haujarudi.

Tundu ao ufa unahitaji kiraka. Kwa ufa, kwanza toboeni tundu dogo kwenye kila mwisho wake, la sivyo utaendelea kukimbia chini ya kiraka. Kata bati la alumini la unene sawa na wa mashua, lizidi jeraha kwa sentimetre tano kila upande, na pembe zake ziwe za mviringo. Pakeni gundi ya kuzuia maji upande wote wa ndani wa kiraka, kiisha piga riveti kuzunguka, moja kila sentimetre tatu hivi.

Wengine watasema: tuite fundi wa kusudeya. Angalisho. Alumini inayeyuka kwenye digri 660, lakini ile ngozi yake inangoja zaidi ya digri 2000. Kwa posti ya kawaida ya kusudeya milango, fundi anachoma ngozi bado na bati limeshaanguka chini. Kazi hiyo inataka mashini yenye gazi ya argoni na fundi aliyeizoea. Kama hayuko karibu, kiraka cha riveti kilichofanywa vizuri ni bora kuliko sude mbaya. Na hata fundi akipatikana, tangi la esanse na sponji yote vitoke kwanza.

Ubao wa nyuma

Hapa ndipo mashua nyingi zinakufa, kwa sababu ubao umefungwa ndani ya alumini na kuoza bila kuonekana. Gonga kwa nyundo: ukisikia sauti ya kitu kilicholowa, fungua. Chukueni ubao wa zamani kama kipimo, hata ukiwa vipande. Mbao mpya iwe ngumu na kavu kabisa, ipakwe rangi ao epoksi pande zote, hata ndani ya matundu ya bulo. Epukeni mbao iliyotiwa dawa ya kijani yenye shaba. Inazuia mchwa vizuri, lakini inakula alumini.

Bulo ziwe za inoksi. Inoksi nayo ni metali nyingine, kwa hiyo katikati yake na alumini wekeni rondeli ya plastiki ao mpira, pamoja na gundi. Vipande vya bidoni vinafaa kukatia rondeli hizo.

Rangi

Alumini haiombi rangi ili iishi. Kama munataka kupaka, kwanza sugueni kwa msasa uliolowa maji, musisugue pakavu. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Mufunike pua na midomo, na watoto wacheze mbali. Kiisha ulizeni rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa alumini, la sivyo ile ya juu itabanduka. Ile nyekundu ya kuzuia kutu ni ya chuma, musiitumie hapa. Na rangi yenye shaba, inayouzwa kwa kuzuia majani ya maji, ni adui wa pili anayeingia kwa jina la dawa.

Bidoni chini ya viti

Mashua ya mbao ikijaa maji inabaki juu. Ya alumini inazama moja kwa moja. Ile sponji ya zamani chini ya viti ilikuwa kwa ajili hiyo, lakini ikisha kunywa maji haisaidii tena, inaongeza uzito tu. Itoeni na kuweka bidoni tupu za litri 20, zenye vifuniko vinavyofunga vizuri.

Hesabu ni hii. Bidoni moja ikizamishwa inainua karibu kilo 19. Mwili wa mashua wa kilo 120, ukiwa ndani ya maji, unavuta chini kama kilo 75. Ongeza motere ya kilo 45. Jumla ni 120, ndiyo bidoni saba. Wekeni kumi, ili watu wawe na kitu cha kushikilia. Zifungeni kwa nguvu, tano kila ubavu, karibu na ukingo wa juu kadiri viti vinavyoruhusu, ili mashua iliyojaa maji ibaki wima. Bidoni isiyofungwa inajiokoa peke yake na kuwaacha.

Ikisha kurudi majini

Safari ya kwanza iwe asubuhi wakati ziwa limetulia, karibu na ufuko, watu wawili wenye jile, bila mzigo. Nusu saa, kiisha angalieni kila kiraka. Mzigo uongezwe siku nyingine. Na hata ikibeba vizuri, tunashauri ubavu ulio juu ya maji usipungue sentimetre 30.

Wavuvi wa usiku wanaotumia taa za batri: batri ikae ndani ya beseni la plastiki, na kila taa iwe na nyaya mbili kamili. Musifanye mwili wa mashua kuwa waya wa pili. Umeme ukipita ndani ya alumini, kuliwa kunakwenda mbio.

Na hili ni la wakulima zaidi: mbolea nyingi za kiwanda ni chumvi. Mfuko wa NPK ukipasuka ndani ya mashua na kupata maji, unaanza kula bati. Tandikeni bashi mbele ya kupakia, na mukifika osheni kwa maji mengi. Usiku mashua ipandishwe, itolewe kifuniko cha maji na ielekezwe ili ikauke.

Kazi hii yote inafaa kiangazi, wakati gundi na rangi zinakauka vizuri, ao wakati ziwa limefungwa kwa uvuvi na mikono iko. Kamati ichague watu watatu wa kuiongoza, na kila franka ya riveti, gundi na ubao iandikwe kwenye daftari, pamoja na siku za kazi za kila mmoja. Mashua ikianza kuingiza, daftari hilo ndilo litakalosema nani alipwe nini, na kiasi gani kibaki kwa matengenezo ya mwaka unaofuata. Chombo cha wote kisicho na daftari kinarudi chini ya mwembe upesi kuliko chenye tundu.