Je, Wajua? Refa Anaongea na Meza, si na Wewe

Kwa miaka mingi mpira wa kikapu wa shule za upili umekuwa mchezo wa muhula wa kwanza, na huku Kangundo huchezwa juani, juu ya saruji, mashabiki wakiwa wamesimama hatua moja nje ya mstari. Hakuna kipaza sauti wala skrini ya kurudia tukio. Filimbi inalia, refa anazungusha mikono, nusu ya watu wanashangilia, nusu wanazomea, na wengi wa pande zote mbili hawajui kilichoamuliwa.

Je, wajua kwamba ishara hizo hazikutungwa kwa ajili yako? Zinaenda mezani. Kando ya uwanja wameketi karani wa alama na mtunza saa, na kwa kelele za wanafunzi si rahisi wamsikie refa. Kwa hiyo anaripoti kwa mikono, na ripoti ya faulo ina mpangilio usiobadilika: kwanza namba ya jezi ya mkosaji, kisha aina ya kosa, mwisho adhabu, yaani mitupo huru ni mingapi au mpira unaelekea upande gani. Ukiushika mpangilio huo huhitaji kukariri ishara zote. Subiri ile ya tatu.

Je, wajua kwamba jambo kubwa kuliko yote husemwa kabla ya ripoti hiyo, mkono wa kwanza unapoinuka? Ukiona kiganja kilicho wazi, maana yake saa isimame, kuna kosa la uchezaji: mpira umetoka nje, au mtu ametembea nao. Ukiona ngumi, saa isimame vilevile, lakini safari hii ni faulo. Mtu ameguswa isivyo halali. Kosa la kiganja haliandikwi kwa jina la mchezaji. La ngumi huandikwa, na likifika la tano mchezaji anatoka. Shabiki anayepiga kelele kwamba haikuwa faulo wakati mkono ulioinuka ulikuwa kiganja anabishana na jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Je, wajua kwa nini timu za zamani hazikuwa na jezi namba 1, 2 wala 3? Chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la dunia lililoundwa Geneva mwaka 1932, wachezaji walivaa 4 hadi 15. Sababu inayotajwa siku zote ni vidole: kimoja, viwili na vitatu vilikuwa na kazi nyingine ya kuhesabu pointi, mitupo huru na sekunde tatu. Tangu Oktoba 2014 zinaruhusiwa 0, 00 na 1 hadi 99, na marefa wakalazimika kujifunza hesabu mpya. Namba 1 hadi 5 ni kazi ya mkono wa kulia peke yake. Kuanzia 6 hadi 10 mkono wa kulia unashikilia tano, wa kushoto unaongeza. Kwa 11 hadi 15 mkono wa kulia unakunjwa ngumi, ambayo hapo husimama badala ya kumi. Ugumu unaanzia 16. Refa kwanza anaionyesha meza mgongo wa mkono, na hiyo ndiyo tarakimu ya makumi. Kisha anageuza kiganja kwa tarakimu ya mamoja. Mwenye jezi 23 huonyeshwa vidole viwili kwa mgongo, halafu vitatu kwa kiganja. Karani akikosa nusu ya kwanza, faulo inamwangukia mwenye namba 3 ambaye huenda hata hakuwa karibu.

Vyuo vikuu vya Marekani viliikwepa shida hii kwa njia yao. Kwa miongo mingi tarakimu yoyote iliyozidi tano ilikatazwa kwenye jezi, mpaka msimu wa 2023-24 walipofungua milango yote.

Je, wajua kwamba Wasambaa wa milima ya Usambara kwa jadi walionyesha sita kwa vidole vitatu kila mkono, saba kwa vinne na vitatu, nane kwa vinne na vinne? Refa yeye hujaza mkono mmoja kwanza. Kwa macho yangu hesabu ya Wasambaa inasomeka vizuri zaidi kutoka mbali, ila FIBA hawakuniuliza.

Je, wajua ngumi mbili zinazozungushana mbele ya kifua? Hiyo ndiyo ishara ambayo kila mtoto wa Kangundo anaijua: ametembea na mpira. Katazo lenyewe lina umri wa mchezo. James Naismith alipoandika kanuni zake 13 kule Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, ya tatu ilisema mchezaji asikimbie na mpira, autupe kutoka pale alipoudakia. Hata hivyo aliacha upenyo: anayedaka akiwa mbioni avumiliwe kidogo, mradi anajitahidi kusimama. Mwaka 2017 FIBA ilibadilisha kanuni ya hatua, ikakubali kwamba mguu ulio chini wakati mchezaji wa mbioni anaushika mpira hauhesabiwi, kisha ndipo hatua mbili zinaanza. Jukwaa linahesabu tatu na kupiga mayowe. Refa anahesabu mbili na kunyamaza. Naye yuko sahihi.

Usichanganye ngumi hizo na viganja viwili vinavyopigapiga hewa kwa zamu. Hapo mchezaji amedundisha mpira, akaushika, akaanza kuudundisha tena.

Je, wajua ni ishara zipi mbili zinazozua ugomvi kuliko zote? Mshambulizi anapasua katikati, mlinzi amesimama mbele yake, wanagongana, wote wako chini. Refa akishika kiuno kwa mikono miwili, kosa ni la mlinzi: amezuia njia isivyo halali. Akipiga kiganja chake kwa ngumi, kosa ni la mwenye mpira: amemvamia mlinzi. Baada ya hapo huelekeza ngumi upande wa pili, na mpira unahama bila mtupo huru hata mmoja.

Kinachowapoteza watazamaji ni imani kwamba mlinzi lazima awe amekauka kama nguzo. Kanuni haisemi hivyo. Inamtaka awe amemkabili mpinzani akiwa na miguu yote miwili chini; akishapata nafasi hiyo anaruhusiwa kwenda kando au kurudi nyuma, na hata kuruka wima ndani ya eneo lake mwenyewe. Alama ambayo refa mzuri huitazama ni mahali pa mgongano. Kifua cha mlinzi kikigongwa akiwa ndani ya nafasi yake, mwenye mpira ana kesi. Akigongwa ubavuni au begani kwa sababu alichelewa kufika, mikono inaenda kiunoni. Chini ya kikapu kuna nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.25, na mlinzi aliyesimama ndani yake hapewi faulo ya kuvamiwa na mshambulizi aliyeruka kufunga. Katika viwanja vya shule nusu duara hiyo mara nyingi imefutika au haijawahi kuchorwa, kwa hiyo refa analazimika kuibeba kichwani. Hapo namhurumia.

Je, wajua kwamba kocha akiomba mapumziko ya dakika moja na kocha akiadhibiwa kwa kumtukana refa, ishara zinafanana isipokuwa kidole? Zote ni umbo la T. Kidole cha shahada kikigusa kiganja, ni mapumziko. Kiganja kizima kikilalia ncha za vidole vya mkono wa pili, ni faulo ya kiufundi. Mchezaji hawezi kuomba mapumziko hayo chini ya FIBA, hata akilia. Ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, tena kupitia mezani. Wanaoiga nyota wa NBA kwa kumchorea refa T katikati ya uwanja wanapoteza muda wao.

Vivyo hivyo kifundo cha mkono. Refa akikishika mkono ukiwa umeelekea chini, mtu amemshika mwenzake tu. Akikishika mkono ukiwa umenyooshwa juu, ni faulo isiyo ya kiuanamichezo, na ya pili ya aina hiyo humtoa mtu uwanjani. Ngumi mbili zilizotulia hewani ni mbaya zaidi: mchezaji anafukuzwa papo hapo. Ngumi mbili zinazopungwa ni faulo ya pande zote, kila mmoja amemkosea mwenzake.

Je, wajua kwamba vidole gumba viwili juu havina pongezi yoyote ndani yake? Watu wawili wameung'ang'ania mpira mmoja na hakuna anayeachia. Baada ya vidole hivyo refa huelekeza mkono upande ambao mshale wa zamu pale mezani unaonyesha. Kidole gumba kimoja ndicho cha "sawa, tumeelewana", nacho ni kati ya marefa na meza.

Anayesafiri barabara ya Kangundo anajua kwamba makanga akiinua kidole kimoja mlangoni, nafasi imebaki moja. Kwa refa kidole kimoja kikishushwa kwa kukunja kifundo ni pointi moja, viwili ni mbili. Vitatu vina utamu wake: mkono mmoja unapanda mpira ukiwa ungali hewani, kusema tu kwamba jaribio limetoka nje ya upinde wa mita 6.75. Mkono wa pili ukipanda kuufuata, umeingia. Macho yako yakiwa kwa refa, utajua thamani ya mtupo kabla ya kikapu kujua.

Je, wajua kwa nini refa anagusa bega lake? Sekunde 24 zimekwisha bila timu kutupa. Hesabu hiyo ni ya Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, mwaka 1954: alichukua sekunde 2,880 za mechi ya NBA, akazigawa kwa mitupo 120 aliyoona inatosha kufurahisha watu. FIBA ilikaa na sekunde 30 hadi mwaka 2000. Vidole vinane ni sekunde nane za kuvusha mpira katikati ya uwanja. Vitano ni tano. Mkono ulionyooshwa na vidole vitatu ni mshambulizi aliyekaa sana karibu na kikapu. Mlinzi anaweza kukaa pale mchana kutwa. Kanuni ya NBA inayomzuia mlinzi haipo huku.

Mkono unaoinuliwa kuanzia kiwiko mara mbili ni onyo kwa anayejiangusha. Ningependa kuiona ishara hiyo ikitumika mara nyingi zaidi.

Je, wajua mkasi? Mikono ikipishana mara moja mbele ya kifua, kikapu kimefutwa. Februari 2021, kule Yaoundé, Tylor Ongwae aliifungia Kenya dhidi ya Angola saa ikiisha, matokeo yakawa 74-73, na Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao Nairobi iliandaa. Katika mtupo wa aina hiyo swali ni moja: mpira ulikuwa umeuacha mkono kabla ya ubao kuwaka taa nyekundu? Ukiwa ungali vidoleni, mkasi. Pale ambapo ubao hauna taa, refa husikiliza king'ora cha meza, na mabishano huendelea hadi stendi ya matatu.

Je, wajua kuhusu filimbi yenyewe? Mwaka 1984, katika mechi nchini Brazil, ya refa Ron Foxcroft wa Canada iligoma kulia kwa sababu kijiwe cha ndani kilikwama. Akaenda kutafuta namna ya kutengeneza isiyo na kijiwe, na mwaka 1987 ikapulizwa kwenye Michezo ya Bara la Amerika mjini Indianapolis. Ndiyo filimbi iitwayo Fox 40.

Nairobi City Thunder walipokwenda Kigali mwaka 2025 wakiwa timu ya kwanza ya Kenya katika BAL, ligi ya klabu za Afrika, waliamuliwa kwa ishara hizi hizi. BAL hufuata kanuni za FIBA, hivyo kijana aliyezisoma vizuri kando ya uwanja wa shule Kangundo angeweza kuifuata mechi ile televisheni ikiwa imezimwa sauti.

Je, wajua kwamba meza nayo hujibu? Kila faulo inapoandikwa, afisa mmoja huinua kibao chenye idadi ya faulo za mchezaji huyo, kikielekea makocha wote wawili. Moja hadi nne huandikwa kwa rangi nyeusi. Tano huandikwa kwa nyekundu, na kocha ana sekunde 30 za kumwingiza mwingine.