Sarafu za Kidijitali na Utumaji wa Fedha Vijijini: Mfano wa Kibimba, Ngara

Sarafu ya kidijitali huvuka mipaka ya Afrika kwa dakika chache. Ugumu huanza inapofika. Mkazi wa Kibimba, wilayani Ngara, hanunui chumvi kwa bitikoini. Sharti ampate mnunuzi wa kumlipa shilingi kwa simu, ndipo aende kwa wakala. Tofauti ya bei na makato ya kutolea hula sehemu ya unafuu unaosifiwa. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha kwamba matumizi ya sarafu hizo yanakiuka kanuni za fedha za kigeni. Lakini Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mnunuzi akitoroka na sarafu, mpokeaji atasita hata kwenda polisi.