Mgeni wa mwezi wa sita



Siku hizi, ukifungua mlango asubuhi, mvuke unatoka mdomoni kama unavuta tumbako. Sisi tuliozoea Likasi hatushangai. Mwezi wa sita ukifika tunatoa blanketi ya pili, tunavalisha watoto kofia, na jua likipanda tunahamisha viti nyuma ya nyumba ili kuliota. Lakini anayetoka mbali hajui hayo.

Katika lupango la mmoja wetu kule Kikula amefika mama mmoja na watoto watatu, kutoka Uvira. Kule, kando ya ziwa Tanganyika, maji ya ziwa yanatunza joto la mchana mpaka usiku. Watoto walikuja na mashati mepesi na kandambili. Jioni ya kwanza mama yao alituuliza: "Yaya, baridi hii inatoka wapi? Nilifikiri tungali Congo."

Ndiyo, tungali Congo, lakini mji wetu uko juu, mita zaidi ya 1,200, nao uko mbali kusini mwa ikweta. Wakati huu hakuna mawingu ya kufunika joto la mchana, kwa hiyo linapotea usiku. Kuna usiku ambao baridi inashuka chini ya nyuzi 10.

Usiku wa tatu yule mama alifanya kile ambacho mzazi yeyote angefikiri. Alipomaliza kupika bukari, ambayo yeye anaita bugali, aliingiza mbabula chumbani, makala yakiwa bado mekundu. Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kitambaa, wakalala. Alfajiri mwenzetu alipeleka unga, akabisha hodi mara nyingi. Mlango ulipofunguliwa, mama alikuwa anayumba. Mtoto mmoja alikuwa anatapika, wawili walikuwa hawaamki vizuri. Majirani waliwatoa wote nje, wakawapeleka kwa waganga. Mungu asifiwe, wote wanne wamepona.

Mama, tusimcheke. Wangapi kati yetu tumeingiza mbabula ndani usiku wa baridi? Makala yanayowaka yanatoa hewa mbaya inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na huwezi kuijua hata kama moshi umekwisha. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Kwanza kichwa kinauma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Anayelala hawezi kujiokoa. Ukiona dalili hizo, toa watu nje haraka, fungua milango, na uwapeleke hospitalini hata kama wanasema wamepata nafuu.

Basi tufanye nini ili kupata joto? Mbabula ibaki nje, iwashwe na izimikie huko. Chemsha maji, uyatie katika chupa inayofungwa vizuri, uifunge kwa kitambaa, na uiweke miguuni pa mtoto. Lazeni watoto pamoja. Tandika maboksi au mkeka chini ya godoro, kwa maana simenti inanyonya joto. Vikwembe viwili juu ya blanketi vinasaidia kuliko kimoja kizito. Na uji wa moto kabla ya kulala unasaidia sana.

Jambo la mwisho linahusu moyo. Mji huu ulijengwa na wageni. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi, na Kiswahili chetu kilikomaa katika kambi zao, kwa sababu kila mmoja alitaka kuelewana na jirani. Tena tunakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati majirani wetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, na jamaa nyingi zikalala kwenye gare ya Likasi zikingojea treni. Baadhi yetu tulikuwa watoto, tuliona. Mji uliowahi kumwambia jirani "ondoka" una deni la kujifunza kusema "karibu".

Karibu hiyo haihitaji pesa nyingi. Yule mama hakukosa akili, alikosa mtu wa kumwambia. Tulimpa unga siku ya kwanza, tukafurahi, lakini hakuna aliyemwuliza: "Utalalaje usiku?"

Kwa hiyo, mkutano wetu wa siku ya posho, kila mama anayeweza alete blanketi moja au sweta ya mtoto, hata kuukuu, mradi imefuliwa. Na kabla ya siku hiyo, tembelea lupango lako lote. Kama kuna mgeni, bisha hodi jioni, si asubuhi. Angalia mbabula iko wapi.