Uingereza: Karakana shuleni si useremala tu
Huenda mwanao anayesoma England ameletewa fomu ya kuchagua masomo, na humo limo somo la Usanifu na Teknolojia. Usilidharau ukidhani ni useremala tu. Mwanafunzi huanza na shida ya mtu, tuseme bibi asiyeweza kufungua chupa. Huchora, hutengeneza mfano, huujaribu kwa bibi huyo, kisha huurekebisha. Kazi hiyo hubeba nusu ya alama za GCSE. Nusu nyingine ni mtihani wa maandishi. Tangu mwaka 2004 somo hili si la lazima kwa wenye umri wa miaka 14 hadi 16, na wanaolichagua wamepungua mno. Karakana ikikosa wanafunzi huweza kufungwa, na mdogo wake mwanao asiikute.