Babu Yako Ako Kwenye Kitabu cha Padri? Hivi Ndivyo Unamsaka

Kuna mshkaji wangu wa Mwabungo, pale kwa barabara ya kutoka Ukunda kwenda Msambweni, ambaye ako na kipande safi kabisa cha Kenya. Mbuyu wake alipata cha kwake 2017, akiwa na mvi tayari. Hao ni Wamakonde. Sasa muulize huyo mshkaji babu yake alizaliwa wapi. "Msumbiji." Msumbiji wapi? Kimya. Ni kama uulizwe kwenu ni wapi, useme "Kenya" na unyamaze.

Kama ulikuwa mdogo 2016, stori ni hii. Wazee wa Kimakonde waliletwa Kwale kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye miwa ya Ramisi na mashamba ya mkonge. Wengine waliingia baadaye wakikimbia vita dhidi ya Wareno, vilivyoanza 1964. Wakazaa hapa, wakazikwa hapa, na bado gava ikawaona wageni. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona rais. Uhuru akaamuru wapewe vipande, na wakahesabiwa kabila la 43.

Kipande kilimaliza shida ya polisi na ya kufungua akaunti ya benki. Hakikumaliza ile ya babu. Na usidhani ofisi ya gava itakusaidia sana hapo. Sheria ya kuandikisha vizazi Kenya ni ya 1928, lakini kuandikisha watoto wa Waafrika kulifika nchi nzima 1971. Mtu aliyezaliwa kambi ya wakata miwa 1948, nani alimwandika?

Padri, kama wazazi walikuwa Wakatoliki. Na Wamakonde wengi ni Wakatoliki.

Kanisa limekuwa na tabia ya kuandika watu tangu Mtaguso wa Trento, 1563, ulipoagiza mapadri waweke vitabu vya ubatizo na ndoa. Wamexico ndio wameitumia hii vizuri. Gava yao ilianza kuandikisha vizazi 1859, kwa hivyo anayetaka kuvuka hapo anaingia vitabu vya parokia, na kuna familia zimerudi nyuma hadi miaka ya 1600. Vingi vimepigwa picha, msee anasaka babu wa babu kwa simu akiwa kitandani. Huku kwetu, njia ya uhakika ni kubisha hodi kwa ofisi ya parokia.

Usianze na ubatizo wa babu. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu hujui alibatizwa wapi. Anza na ndoa yake. Kabla ya kufungisha ndoa, padri lazima ajue bwana na bibi harusi walibatizwa wapi, na jibu hubaki kwenye makaratasi ya ndoa. Yaani kitabu cha ndoa cha Kenya kinaweza kukutajia misheni ya Msumbiji. Na kinyume chake pia: tangu 1908 Kanisa linataka ndoa ikishafungwa, habari irudishwe parokia ya ubatizo na iandikwe pembeni mwa jina lako, hata kama ni ng'ambo ya mpaka. Kwa hivyo maandishi madogo ya pembeni usiyaruke. Mara nyingi ndiyo matamu.

Mstari wa ubatizo wenyewe utakuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kubatizwa, wazazi, wasimamizi, na padri aliyebatiza. Wewe angalia jina la mama. Sisi Kenya tumezoea kubeba jina la baba, lakini Wamakonde tangu jadi huhesabu ukoo kwa mama. Ukifuata jina la baba peke yake unaweza kuwa unafuata ukoo ambao wazee hawakuuhesabu kuwa wako. Halafu wasimamizi: msimamizi wa mtoto mara nyingi ni mtu wa kwao, ndugu au jirani waliyesafiri naye. Jina la babu likikwama, fuata la msimamizi.

Majina nayo, manze, yatakusumbua. Mapadri wa zamani waliandika kwa Kilatini, na wa Msumbiji kwa Kireno pia. Joannes, João, Yohana, John: msee mmoja. Jacobus na Tiago pia ni mtu mmoja, ndiye huyu tunamwita James. Majina ya Kimakonde yaliandikwa vile sikio la Mzungu lilisikia. Yasome kwa sauti, usiyasome kwa macho tu.

Parokia uliyo nayo karibu leo inaweza kuwa changa kuliko babu yako. Uliza ilizaliwa kutoka parokia gani, uende kwa hiyo mama. Jimbo la Mombasa lenyewe ni la 1955. Kabla ya hapo pwani ilikuwa chini ya Zanzibar, kisha Nairobi kwa muda mfupi. Na upande wa Msumbiji kuna ukuta: misheni ya Nangololo, huko kwa Wamakonde, ilifunguliwa 1924 na wamisionari wa Montfort kutoka Uholanzi. Kabla ya hapo usitegemee karatasi, tegemea mdomo wa wazee.

(Kama wewe ni Mdigo wa hapo hapo Mwabungo, hii njia si yako. Yako ni fuko, wazee wa kaya, na vyeti vya ndoa vya Kadhi.)

Ukienda ofisini, nenda siku ya kazi, si Jumapili baada ya misa. Beba kipande chako na majina yote uliyo nayo. Hutapewa kitabu ukae nacho kama menyu, kina siri za watu wengine. Omba nakala ya mstari wako. Na nyumbani usimkabe mzee. Miaka mingi, kukubali umetoka Msumbiji kulikuwa kujiitia matatizo, na kuna waliojificha kwa majina ya majirani. Mweleze taratibu kwamba gava ilitoa vipande ikijua vizuri wametoka wapi. Akikataa, ngoja.

Huyo mshkaji alingoja miezi. Siku moja nyanyake akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani kuna kadi ya ndoa imekunjwa mara nne. Kutoka hiyo kadi wakafika kwa kitabu, na kwa kitabu kulikuwa na mama ya babu, jina ambalo hakuwahi kulisikia maisha yake yote. Alilisoma kwa shida akimpelekea nyanya. Nyanya akacheka vile padri aliliandika, halafu akalitamka mwenyewe, polepole, na kumtajia mto uliokuwa karibu na nyumba yake.