Je, Wajua? Boya la Choo ni Mashine ya Zaidi ya Miaka 2,000

Madereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo hulala gesti za Tunduma wakingoja karatasi zao zipite mpakani. Aliyepata chumba chenye choo ndani huenda akasindikizwa mpaka asubuhi na maji yanayotiririka, ingawa hakuna aliyeflashi. Mwenye gesti keshaizoea sauti hiyo. Mita yake inaendelea kuhesabu.

Choo kikivuja lita 1 kwa dakika, kwa siku zimekwenda lita 1,440, yaani madumu 72 ya lita 20. Tenki la lita 1,000 lililopandishwa kwenye mnara litakauka kabla ya saa 17 kutimia. Hayo ni mengi popote, na katika mji unaopata maji kwa mgao ni hasara ya kutisha.

Mlinzi wa maji hayo ni boya. Ukiflashi, maji ya tenki la choo hushuka, boya linashuka nayo na koki ya kuingizia maji inafunguka. Maji yakipanda yanalinyanyua boya, nalo linaifunga koki. Halihitaji umeme wala mtu wa kulisimamia. Maji hukisukuma juu kitu kinachoelea kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyasogeza. Nguvu hiyo ni ndogo, ndiyo sababu maboya ya kizamani yana mkono mrefu: mkono huo ni wenzo unaoizidisha.

Ujuzi huu umetoka hapa hapa Afrika. Ktesibios, fundi wa Aleksandria nchini Misri, alitumia boya kusawazisha maji ya saa yake ya maji katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Baadaye wakaja ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, katika karne ya 9, kisha al-Jazari, aliyeandika kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Choo cha kuflashi ni kitoto mbele yao. Mwingereza John Harington alieleza cha kwake mwaka 1596, na Alexander Cumming akapata hataza ya choo chenye bomba lililopinda la kuzuia harufu mwaka 1775.

Choo kinapovuja, lawama hupelekwa kwa boya. Mara nyingi mkosaji ni raba. Funua mfuniko utazame. Maji yakiwa yanamwagikia ndani ya bomba la maji ya ziada lililosimama katikati, koki ya kuingizia haifungi. Yakiwa chini ya mdomo wa bomba hilo, lakini tenki linajijaza lenyewe kila baada ya muda, raba ya chini, inayoziba tundu la kupitishia maji ya kuflashi, ndiyo inayovuja. Ukiwa na shaka, mimina kikombe cha kahawa nzito ndani ya tenki (Tunduma ni jirani na Mbozi, wilaya ya kahawa, kwa hiyo haikosi) na usiflashi kwa nusu saa. Maji ya kwenye sinki la choo yakigeuka rangi, umeshampata.

Mgao una ubaya wake mwingine. Bomba lililokaa tupu, maji yakirudi, huja na mchanga na kutu. Chembe moja tu ikinasa chini ya raba ya koki ya boya, maji hayakatiki tena. Hapo watu wengi hukimbilia dukani kununua seti nzima, na naona ni kutupa pesa. Funga koki ya ukutani, flashi, kisha fungua kofia ya koki ya boya na utoe raba. Funika mdomo wa koki kwa kikombe kilichopinduliwa, halafu fungua maji ya ukutani kwa sekunde chache ili yasukume uchafu nje. Isafishe raba na uirudishe. Ikiwa imekakamaa au ina alama ya kuliwa, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Kuna pia koki zinazotegemea msukumo wa maji yenyewe ili zijifunge. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, kwa hiyo tenki lililo mita 4 juu ya choo linatoa baa 0.4 tu. Koki iliyotengenezwa kwa msukumo mkubwa wa bomba la mjini inaweza kugoma kufunga kwa msukumo huo. Mwambie muuza vifaa kwamba maji yako yanatoka kwenye mnara.

Raba ya chini nayo ina adui wake, vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa kwenye tenki ili choo kinukie. Klorini huila raba. Waingereza waliiogopa raba hiyo kiasi kwamba mpaka mwaka 2001 kanuni zao zilidai vyoo vya nyumbani vitumie sifoni, ambayo haina raba ya kuvujisha chini. Baada ya kuruhusu valvu za vitufe viwili, zenye raba ya chini, kampuni za maji za huko zimekuwa zikilalamikia vyoo vinavyovuja.

Ukienda dukani, ichukue raba ya zamani mkononi, kwa maana vipimo hutofautiana. Na ukirudi, panda mnarani ukalitazame boya la tenki kubwa. Nalo hufanya kazi vilevile, na likishindwa kufunga usiku maji yanapokuja, humwaga mengi kuliko choo.